Mshipi wa Njano na Sangala wa Mzee Modeste

Uvira, 4 Juni 2000

Yaya Spès,

Tangu jana saa sita mchana hakuna mtumbwi wala boti inayoruhusiwa kuondoka ufukweni, kuanzia mpakani hadi Kalundu. Aliyetangaza ni komanda mwenyewe, kwa megafoni yenye betri dhaifu. Marufuku tuliisikia vizuri. Sababu ilimezwa na betri.

Baada ya hayo, salamu. Sisi wazima. Shangazi Félicité ameshuka kutoka Mutarule na mbuzi wawili, cherehani na mlango wa nyumba yake. Anasema hakukimbia, amekuja kututembelea. Mlango tumeuegemeza ukutani sebuleni, na usiku hukagua kama bado umefungwa kwa ufunguo. Redio yetu inapiga nyimbo za dini tu tangu Februari, kwa hiyo mimi mwandishi wake wa habari nina nafasi nyingi.

Sasa shida yangu. Unakumbuka yule Mzungu wa mradi wa maji aliyeondoka Agosti 1998 kwa haraka? Aliniachia paka, fimbo ya kuvulia samaki, na muline, ile mashine ya kukunjia mshipi. Paka alikwenda kwa majirani. Muline ninayo, lakini haina mshipi hata sentimita moja. Imeandikwa kwa Kiingereza, na Profesa Arakaza wa sekondari amenitafsiria: ni ya maji ya chumvi. Wewe unauza mishipi ya baharini huko Mombasa. Nichagulie mmoja mzuri.

Ni kwa ajili ya chakula tu.

Mdogo wako,
Cyprien

---

Mombasa, 29 Juni 2000

Cyprien,

Barua huanza na salamu, habari hufuata. Mama alikufundisha hivyo, redio ikakuharibu. Mimi mzima, magoti yananisumbua, mjukuu wangu Ishimwe ameota meno mawili na ameng'ata watu watatu. Msalimu Shangazi. Mlango ule aufungue mara moja moja, bawaba zisishike kutu.

Kuhusu mshipi. Usininunulishe nailoni tupu, ingawa ndiyo mnayoijua. Siku hizi watu wa muline wanataka mshipi wa kusuka: nyuzi nyembamba sana zilizosukwa pamoja kama nywele za binti wa shule. Wa kuhimili paundi thelathini ni mwembamba kama nailoni ya paundi nane, kwa hiyo unaruka mbali na unaingia mwingi kwenye kigurudumu cha muline. Hauvutiki. Samaki akigusa chambo mita themanini mbali, unamsikia kidoleni. Kuna na aina nyingine ambayo nyuzi zake hazikusukwa, zimegandishwa kwa joto. Hiyo ni rahisi, lakini baada ya mwezi inatoa manyoya. Achana nayo.

Nijibu mambo matatu. Namba iliyo ubavuni mwa kigurudumu ni ipi? Unamtaka samaki gani? Unasimama kwenye mchanga au kwenye mawe?

La nne si la duka. Mwaka 1962 Baba alikupeleka ziwani ukatapika kabla mtumbwi haujafunguliwa kamba. Tangu lini unavua?

Dada yako,
Spès

---

Uvira, 30 Julai 2000

Yaya Spès,

Salamu kwanza, kama ulivyoagiza. Ndugu yetu Vainqueur wa Luvungi amenyang'anywa pikipiki kwenye barrière, kizuizi cha askari barabarani. Gurudumu la nyuma lilikuwa limefunguliwa kwa sababu ya pancha, kwa hiyo walioichukua walilazimika kuibeba. Vainqueur amefika kwetu kwa miguu, mpira wa ndani wa tairi ukiwa shingoni mwake kama skafu. Hataki kuuvua. Anasema pikipiki ikirudi utahitajika. Mbuzi mmoja wa Shangazi amezaa.

Majibu. Namba ni 4000. Samaki ni sangala, mmoja, mkubwa. Nasimama kwenye mawe ya Kalundu, kwa kuwa hapo askari hawakatazi mtu aliye nchi kavu.

Ombi: usilete rangi ya kijani. Kwenye barrière kila kitu cha kijani kinahesabiwa kuwa mali ya jeshi. Wiki iliyopita walichukua mwavuli wa mama mmoja na kabichi.

Muline naitunza vizuri. Kwa kuwa ni ya maji ya chumvi na ziwa letu ni baridi na tamu, niliogopa itashtuka. Kila Jumatatu naitia kwenye ndoo ya maji ya chumvi, inalala humo siku tatu. Chumvi nanunua kwa Sidonie, binti wa Mzee Modeste, pale sokoni Mulongwe. Sidonie anasema nusu kilo inatosha. Jumatatu iliyopita Sidonie alinipimia mwenyewe na kunifungia kwenye gazeti. Sidonie anakusalimu.

Cyprien

---

Mombasa, 27 Agosti 2000

Mdogo wangu Cyprien,

Msalimu Shangazi na Vainqueur. Ishimwe sasa ana meno manne.

ITOE MULINE KWENYE HIYO NDOO. Mashine ya maji ya chumvi maana yake imetengenezwa ivumilie chumvi, kama mke anavyomvumilia mlevi. Haina maana kwamba inaipenda. Watu wa huku wakitoka baharini wanaiosha muline kwa maji matamu. Mna ziwa zima la maji matamu, kilomita mia sita na zaidi, halafu wewe unatengeneza bahari kwenye ndoo! Ioshe, ikaushe, itie tone la mafuta ya cherehani. Nilisoma barua yako mbele ya wenzangu dukani. Mmoja alilazimika kukaa.

Nakutumia kwa mkono wa Mama Claire, anayepitia Kigoma na Bujumbura, vitu vitatu. Mshipi wa kusuka wa njano, paundi thelathini, mita mia moja na hamsini. Nailoni nyembamba, mita thelathini. Nailoni nene, mita kumi.

Sikiliza. Nailoni nyembamba inakwenda chini kabisa, kwenye kigurudumu kitupu, KABLA ya mshipi wa kusuka. Ukifunga wa kusuka moja kwa moja kwenye chuma, utateleza, wote kwa pamoja. Nailoni nene ni ya mbele: mita mbili kati ya mshipi na ndoano, kwa sababu mawe hukata mshipi wa kusuka, na kwa sababu njano inaonekana. Mshipi ukunje ukiwa umelowa na umevutwa.

Katika barua moja umeandika Sidonie mara nne. Ni Sidonie yule wa kwaya?

Spès

---

Uvira, 8 Oktoba 2000

Yaya Spès,

Mzigo umefika. Mama Claire aliupitisha ndani ya sufuria ya uji, na uji ndani yake. Njano haikuzuiwa. Barua yako ilifunguliwa njiani, na pale kwenye habari ya ndoo mtu ameandika pembeni kwa kalamu ya risasi: "Kweli kabisa." Simjui. Namsalimu, kwa kuwa na hii ataisoma.

Shangazi ana malaria nyepesi, anaendelea vizuri. Anatafuta kijiko chake cha chuma. Nilikikata mpini nikakitoboa, kwa sababu sangala hukimbilia kitu kinachong'aa. Hajaambiwa.

Sasa ukweli. Jumamosi 30 Septemba, saa kumi na moja alfajiri, sangala alikishika kijiko. Watu sita waliona. Nilizungusha mkono wa muline. Mkono ulizunguka, kigurudumu kikafanya kazi yake, lakini mshipi wote ulikaa pale pale ukiteleza, kama pete kwenye kidole kilichokonda. Sangala alikwenda alikotaka, akatema kijiko, akaondoka. Mshipi wako ni mbovu.

Na ndiyo, ni Sidonie wa kwaya. Miaka minane tangu mke wangu Inamahoro afariki, nimekaa kimya vya kutosha. Nilikwenda kwa Mzee Modeste mwezi wa tano kumposa. Aliniangalia kama mtu anayeangalia ndagala waliooza. Maneno yake nimeyaandika kama yalivyo: "Weye Cyprien unakula kwa mudomo. Minye sitamupa muntu wa mudomo mutoto yangu. Ulete sangala, umuvute na mikono yako mwenyewe, mbele ya Pasaka." Mzee amevua miaka hamsini na tano. Wiki mbili baadaye mitumbwi ikakatazwa. Nilimwomba abadilishe sharti. Akasema sharti lilitoka kabla ya komanda.

Sasa anakuja kila asubuhi kukaa juu ya mawe kunitazama. Mtumbwi wake umegeuzwa kifudifudi uani, kuku wanalala chini yake, hana pengine pa kwenda. Alipouona mshipi alisema: "Hii kamba iko njano kama ndizi. Samaki haiko kipofu." Kisha akauliza: "Huyu dada yako, yeye amevua samaki gani?" Nami nakuuliza.

Pasaka ni 15 Aprili.

Cyprien

---

Mombasa, 12 Novemba 2000

Cyprien,

Salamu kwa wote. Shangazi anywe maji mengi.

Mshipi ni mzima. Uliweka nailoni nyembamba chini, ndiyo au hapana?

Spès

---

Uvira, 14 Januari 2001

Yaya,

Shangazi amepona. Amekipata kijiko, kikiwa na ndoano. Tangu hapo chakula ananipakulia kwa mkono.

Barua yako ya mistari mitatu ilifika na mstari wa nne, wa kalamu ya risasi: "Ajibu." Sasa ninyi ni wawili.

Hapana. Sikuiweka. Sidonie alikuwa akishona magunia ya chumvi kwa uzi wa katani unaokatika, nami nikampa ile nailoni. Mita thelathini zote. Magunia yake sasa hayachaniki, soko zima linayasifu. Na kwa kuwa nimeanza kusema: chumvi niliendelea kununua baada ya barua yako ya Agosti. Muline haikuingia tena kwenye ndoo. Ninayo kilo kumi na tisa chini ya kitanda.

Hukujibu swali la Mzee Modeste. Hukusema neno juu ya Sidonie pia. Basi nilifanya uchunguzi. Ugomvi wenu: Pasaka ya 1971, wimbo wa Gloria. Wewe unadai Sidonie alimdanganya kiongozi wa kwaya kwamba umeshikwa na mafua, akapewa solo yako. Nilimhoji Sidonie. Anasema kiongozi alimfuata yeye, naye alikuwa na miaka kumi na tano, hakujua kukataa. Nilimhoji Shangazi, aliyekuwa safu ya pili. Maneno yake: "Spès alikuwa na mafua. Pua ilikuwa inatiririka mupaka ku kola." Kiongozi ameshafariki. Nimekupa pande zote.

Imebaki miezi mitatu. Kila nikirusha, Mzee anacheka kabla kijiko hakijagusa maji. Nailoni hapa haipatikani: barabara ya Bujumbura imefungwa tangu Noeli, isipokuwa kwa anayetembea mikono mitupu. Nifanye nini?

Cyprien

---

Mombasa, 20 Februari 2001

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako siku tisa. Ishimwe anatembea. Magoti yangu hayatembei.

Yalikuwa mafua madogo.

Nailoni haihitajiki. Kinachotakiwa chini ni kitu kisichoteleza, basi. Vainqueur bado ana ule mpira shingoni? Kata utepe mwembamba, uzungushe mara moja kwenye kigurudumu kitupu, ukaze. Juu yake funga mshipi wa kusuka. Kisha Vainqueur asimame mita ishirini, ashike mshipi kwa kitambaa chenye maji, na wewe ukunje huku yeye akikatalia. Ukikunja kilegevu, mshipi utajichimbia wenyewe siku samaki atakapovuta. Vaa glavu, maana mshipi ukikimbia mkononi unakata kama wembe. Breki ya muline ilegeze mpaka uweze kuuvuta mshipi kwa mkono bila kuumia. Samaki mkubwa hazuiwi, anachoshwa. Mwanamke mwenye akili naye hivyo hivyo, lakini hilo umelijua mwenyewe kwa kilo kumi na tisa.

Na yule wa kalamu ya risasi asiikawishe hii. Pasaka haina subira.

Spès

---

Uvira, 8 Aprili 2001, Jumapili ya Matawi

Yaya Spès,

Sangala wa kilo kumi na moja na gramu mia mbili alitolewa ziwani jana, Jumamosi 7 Aprili, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, kwenye mawe ya Kalundu. Aliyempima ni Sidonie, kwa mizani ya chumvi, mara mbili.

Salamu sasa. Barua yako ilifika siku kumi na mbili tu baada ya kuandikwa, haijawahi kutokea. Haikuwa na alama yoyote pembeni. Vainqueur alibishana juu ya mpira siku nne. Mwishoni Shangazi alimwambia: "Weye, pikipiki imeenda, unabakia na utumbo yake. Leta hapa!" Akaukata kwa mkasi wa kushonea.

Mambo yalikwenda hivi. Nilirusha mara thelathini na moja. Mara ya thelathini na mbili kijiko kilisimama ndani ya maji, kisha kikaondoka. Mshipi ulitoka, lakini safari hii ulitoka kwa breki, ukilia. Mpira ulishika. Nilishikilia fimbo dakika nne kwa saa ya Profesa Arakaza. Mzee Modeste alikuwa amekaa nyuma yangu. Kwanza alisema, "Atakushinda." Kisha, "Inua fimbo." Kisha, "Inua, muntu ya redio, inua!" Kisha akasimama. Miezi kumi mtu huyu hajagusa maji. Nilisikia pumzi zake sikioni. Mkono wake ukaja juu ya wangu, wa pili ukaja, halafu fimbo ilikuwa kwake na mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe. Sikuiachia. Nilinyang'anywa.

Alimchosha sangala dakika kumi na saba. Alitembea juu ya mawe kama kijana, akiongea na samaki kwa Kifuliiru, maneno ambayo siwezi kuandika Jumapili ya Matawi. Alipomtoa alikaa chini akamshika mapezi. Kisha akaniangalia: "Hii sangala nimevuta minye. Ya kwako iko wapi?"

Watu walikuwa kama arobaini. Hakuna aliyecheka. Sidonie alitoka katikati yao na mizani mkononi.

"Papa, hii muline ni ya nani?"

"Ya Cyprien."

"Mushipi?"

"Ya dada yake."

"Na kijiko?"

"Kijiko iko yangu," Shangazi alisema.

"Basi, Papa, rudisha fimbo kwa mwenyewe. Aende avue yake. Zimebaki siku nane. Weye rudi uani kwa kuku zako."

Mzee aliitazama fimbo. Akaitazama tena. Alijaribu breki kwa kidole, akasikia inavyolia. Nimehudhuria mazungumzo ya amani matatu, Yaya, sijaona mtu akifikiri namna ile.

"Kwa mila yetu," alisema mwishoni, "mukwe analeta samaki. Aliyeletwa iko hapa. Kichwa ni ya minye." Kisha akaongeza masharti. Fimbo na muline zibaki kwake. Na dada yangu alete mita nyingine mia moja na hamsini. Nilimuuliza kama anataka kijani sasa, kwa kuwa samaki si kipofu.

"Njano," akasema. "Samaki iko na macho. Minye sina tena. Hii naiona."

Familia zitakutana kwake kuzungumzia ndoa siku ya Posho, yaani Jumamosi, 19 Mei, saa nne asubuhi. Mitumbwi bado imekatazwa. Komanda ameulizwa, betri zimekwisha kabisa.

Cyprien

---

Mombasa, 26 Aprili 2001

Mdogo wangu Cyprien,

Salamu kwako, kwa Shangazi na mlango wake, kwa Vainqueur, na kwa Mzee Modeste.

Mjibu swali lake la samaki. Miaka kumi na mmoja nauza mishipi, nawafundisha wanaume mafundo, narudishiwa picha za samaki wakubwa kuliko mimi. Sijawahi kurusha ndoano hata siku moja. Magoti si kisingizio, maana sikurusha nilipokuwa nayo mazima. Anipe saa moja juu ya mawe, na asicheke kabla kijiko hakijagusa maji.

Nailoni nyembamba naleta mita mia, nusu ya muline, nusu ya magunia. Shangazi namletea vijiko sita.

Natoka Mombasa Jumatatu 14 Mei. Bujumbura Alhamisi. Kwenye barrière nitapita Ijumaa tarehe 18, saa nne, mita mia moja na hamsini za njano zikiwa mkononi, wazi, aone kila anayetaka kuona. Ijumaa hiyo hiyo saa kumi jioni kuna mazoezi ya kwaya parokiani. Mwambie Sidonie afike kwa wakati. Gloria ina sauti mbili, na pua yangu ni kavu.

Dada yako,
Spès